Vidakuzi na Utunzaji wa Vipindi vya Watumiaji katika Tovuti za Huduma: Mtazamo kutoka Kompyuta za Pamoja za Kata ya Gongoni, Tabora

Utangulizi

Makala haya yanajadili swali ambalo kila msanidi wa tovuti hulijibu, ama kwa kulifikiri ama kwa kuiachia programu aliyoichagua imjibie: je, ni sahihi kuvitegemea vidakuzi vya kivinjari katika kutunza kipindi cha mtumiaji? Kwa neno kipindi tunakusudia muda unaoanza pale mtumiaji anapojitambulisha kwa jina na nywila, na kuishia pale anapotoka, ambapo ndani yake seva huendelea kumtambua bila kumuuliza upya. Swali hili limeandikiwa mengi na wahandisi wa programu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mjadala huo imesimama juu ya dhana moja isiyotamkwa, yaani kwamba kila kivinjari kina mwenyewe mmoja. Dhana hiyo ikiondolewa, hoja nyingi zilizozoeleka hubadilika uzito.

Kata ya Gongoni, katika Manispaa ya Tabora, imechukuliwa hapa kuwa mahali pa kuitazamia hoja hiyo, si kwa sababu ina upekee bali kwa sababu haina. Kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, mwananchi anayetaka huduma ya mtandaoni inayohitaji kujaza fomu ndefu, kuchapa na kupakia nyaraka huenda steshenari. Humo mna kompyuta moja au mbili, printa, mashine ya kutoa nakala na mhudumu anayejua njia. Mara nyingi mhudumu ndiye anayechapa, na mwombaji huketi pembeni akitaja jina la shule, mwaka wa kuhitimu na namba ya mtihani. Katika siku moja ya msimu wa maombi, kivinjari kilekile huweza kuwapitisha waombaji wengi katika tovuti ileile, mmoja baada ya mwingine. Kinachosalia ndani ya kivinjari baada ya mtu wa kwanza kuinuka ndicho kinachomkuta wa pili.

Yapasa kusema mapema kwamba mhudumu huyu si adui wa mfumo. Ndiye daraja ambalo bila yeye waombaji wengi wasingefika. Msanidi anayemchukulia kuwa ni mwizi hutengeneza mfumo usiotumika, na msanidi anayemsahau hutengeneza mfumo usio salama. Kilicho kigumu ni kumtambua kwamba yupo.

Hoja ya makala haya ni kwamba kidakuzi kinastahili kutegemewa kwa jambo moja tu, nalo ni kubeba namba ya utambulisho isiyo na maana yoyote nje ya seva, kwa muda wa kikao kimoja cha mtu mbele ya kompyuta. Hakistahili kubeba kazi yenyewe ya mtumiaji, wala kuamua ni lini kipindi kimekwisha.

Itifaki isiyo na kumbukumbu

Itifaki ya HTTP, ambayo juu yake wavuti yote imejengwa, haina kumbukumbu. Kila ombi ambalo kivinjari hulipeleka kwa seva hujitegemea, na seva ikishalijibu haina sababu ya kujua kwamba ombi linalofuata limetoka kwa mtu yuleyule. Mfanyabiashara wa karne ya 19 aliyetoka Bagamoyo kuelekea Unyanyembe aliifahamu hali ya namna hii: hongo aliyoilipa kwa mtemi mmoja katika Ugogo haikumfaa mbele ya mtemi aliyefuata, na majadiliano yalianza upya. Tovuti yenye kurasa 10 na mlango mmoja wa nywila ingekuwa hivyohivyo, kwamba mtumiaji aombwe nywila katika kila ukurasa.

Suluhisho lilipatikana mwaka 1994 katika kampuni ya Netscape, kupitia mhandisi Lou Montulli. Kampuni ya MCI ilitaka duka la mtandaoni ambalo seva zake zisingelazimika kutunza manunuzi yaliyofikia nusu, kwa hiyo ikatafutwa namna ya kuyahifadhi katika kompyuta ya mnunuzi mwenyewe. Seva hupeleka kipande kifupi cha maandishi pamoja na jibu lake, kivinjari hukihifadhi, kisha hukirudisha kwa seva hiyohiyo pamoja na kila ombi linalofuata. Historia hii ina maana kwa mjadala wetu, kwa kuwa kidakuzi kilibuniwa ili mzigo ukae kwa mtumiaji, ilhali mazoea yaliyo salama leo ni kinyume chake: mzigo hukaa katika seva, na mtumiaji hubeba namba tu ya kuuitia.

Neno kidakuzi lenyewe linahitaji angalizo. Kwa Mswahili lina mwangwi wa udaku, na mwangwi huo humfanya msomaji ashuku kabla ya kusoma. Zipo sababu za kushuku vidakuzi vya wahusika wengine, vile ambavyo kampuni za matangazo huviweka ili kumfuata mtu kutoka tovuti moja hadi nyingine. Kivinjari cha Safari kilivizuia kabisa mwezi Machi 2020. Kidakuzi cha kipindi ni kitu tofauti. Huwekwa na tovuti ambayo mtumiaji ameifungua kwa hiari yake, husomwa na tovuti hiyo pekee, na hakina udaku wowote. Mijadala mingi kuhusu mwisho wa vidakuzi huchanganya aina hizi mbili, na msanidi anayeichanganya huweza kukikimbia chombo kizuri kwa kosa la jirani yake.

Kiwango kinachotumika, RFC 6265 cha mwezi Aprili 2011, huvitaka vivinjari viweze kuhifadhi kidakuzi chenye ukubwa wa angalau baiti 4096, na angalau vidakuzi 50 kwa kila kikoa. Namba ya kipindi haihitaji nafasi hiyo. Herufi 32 za mfumo wa kumi na sita hubeba biti 128 za bahati nasibu, kiasi ambacho hakuna mtu awezaye kukibahatisha kwa kujaribu.

Udhaifu unaojulikana na tiba zake

Mwezi Oktoba 2010 Eric Butler alitoa programu iitwayo Firesheep, iliyomwezesha mtu yeyote aliye katika mtandao usiotumia waya na usio na nywila kuvinasa vidakuzi vya watu waliomzunguka na kuingia katika akaunti zao kwa kubofya mara moja. Udhaifu wenyewe ulikuwa umejulikana kwa miaka mingi. Firesheep iliufanya uonekane, na tovuti kubwa zikaanza kusimba mawasiliano yote, si ukurasa wa nywila peke yake. Tangu shirika la Let's Encrypt lilipoanza kutoa vyeti vya usimbaji bila malipo, mwishoni mwa 2015, gharama si kisingizio tena hata kwa tovuti ya shule ya msingi.

Udhaifu wa pili hutokana na skripti ngeni zinazodungwa katika ukurasa na kusoma vidakuzi vyake. Wa tatu ni maombi ya kughushi, ambapo tovuti nyingine humfanya mtumiaji apeleke ombi asilolikusudia, na kivinjari kikaambatisha kidakuzi chake kwa utiifu. Udhaifu wote huu una tiba ndani ya kidakuzi chenyewe, kwa sifa ambazo seva hutamka wakati wa kukiweka. Mstari ufuatao unatosha kwa tovuti nyingi za huduma:

Set-Cookie: __Host-kipindi=9f2c…; Path=/; Secure; HttpOnly; SameSite=Lax

Secure huzuia kidakuzi kisipite katika mawasiliano yasiyosimbwa. HttpOnly huzuia skripti zisikisome. SameSite=Lax huzuia kisiambatishwe kwenye maombi mengi yanayoanzia tovuti nyingine, na tangu toleo la 80 la Chrome, la mwezi Februari 2020, kivinjari hicho hukichukulia kidakuzi kisichotamka lolote kuwa ni Lax. Kiambishi kilicho mwanzoni mwa jina hukilazimisha kidakuzi kibaki katika kikoa kilichokiweka. Hatutayajadili haya zaidi, kwani vitabu vimeyatosheleza. Lililo muhimu ni kwamba hakuna hata sifa moja kati ya hizi inayomhusu mtu aliyeketi kwenye kiti kilekile dakika 10 baadaye.

Meza ya pamoja

Hatari ya kwanza katika meza ya pamoja ni ile iliyo dhahiri: mtu huinuka bila kutoka katika akaunti. Wapo wanaodhani kwamba kufunga dirisha la kivinjari hutosha, na kwa vidakuzi visivyopewa tarehe ya mwisho ilikusudiwa hivyo, kwamba vife kivinjari kinapofungwa. Lakini Chrome ina mpangilio wa kuendelea pale ulipoishia, na Firefox ina wa kwake wa kurejesha madirisha. Mipangilio hiyo ikiwashwa, vidakuzi vya aina hii hurejeshwa pamoja na kurasa. Steshenari ambayo umeme wake hukatika ina kila sababu ya kuwasha mpangilio huo. Umeme unaporudi, kazi ya mteja wa saa mbili zilizopita hurudi pia, pamoja na haki zake zote za kuingia.

Hatari ya pili ni kitufe cha kurudi nyuma. Mwombaji ametoka ipasavyo, seva imeufuta utambulisho wake, lakini kivinjari kinazo kurasa alizozifungua na huweza kuzionesha tena bila kuiuliza seva. Fomu yenye namba ya simu, jina la mzazi na kiwango cha kipato cha familia husomeka na yeyote anayebofya mshale. Kidakuzi hapa hakina lawama wala msaada. Tiba ni seva kutamka katika kila ukurasa wenye taarifa binafsi kwamba usihifadhiwe, kwa agizo la Cache-Control: no-store, na wakati wa kutoka ipeleke pia agizo la Clear-Site-Data, linalokitaka kivinjari kifute vyote kilichovitunza kwa ajili ya tovuti hiyo. Ni mistari miwili ya programu, na ni nadra kuikumbuka kwa sababu msanidi hujaribu kazi yake katika kompyuta yake mwenyewe, mahali ambapo kitufe cha kurudi nyuma hakimwoneshi siri ya mtu mwingine.

Hatari ya tatu imefichika zaidi, nayo inastahili kuelezwa kwa urefu. Mwaka 2002 Mitja Kolšek alieleza shambulio la kubandika kipindi. Kwa kawaida mshambuliaji huiba namba ya kipindi baada ya mtumiaji kuingia. Katika shambulio hili mambo hugeuzwa: mshambuliaji hujipatia namba kwanza, kisha humwachia mwingine aingie kwa namba hiyohiyo. Katika mtandao mpana jambo hili huhitaji ujanja wa kuipandikiza namba katika kivinjari cha mtu wa mbali. Katika meza ya pamoja halihitaji ujanja wowote. Mtu huketi, hufungua tovuti ya maombi bila kuingia, hupewa namba ya kipindi kama mgeni yeyote, hufungua zana za wasanidi zilizomo katika kila kivinjari cha kompyuta, huinakili namba, kisha huondoka. Mwombaji wa baada yake huingia kwa nywila sahihi katika kivinjari kilekile. Ikiwa seva haikubadilisha namba wakati wa kuingia, yule wa kwanza, akiwa na simu yake nje ya duka, sasa ni mwombaji yule.

Sifa ya HttpOnly haizuii jambo hili, kwa kuwa huwafungia skripti macho, si binadamu aliyeketi mbele ya kioo. Tiba pekee ni seva kutoa namba mpya katika kila tukio la kuingia na kuifuta ya zamani. Django hufanya hivyo yenyewe. Katika PHP tupu msanidi lazima aandike amri ya session_regenerate_id kwa mkono wake, na asipoiandika hakuna kitakachomwonya: tovuti itafanya kazi vizuri, majaribio yote yatapita, na mlango utakuwa wazi.

Kuhusu tokeni

Mbadala unaopendekezwa mara kwa mara ni tokeni ya JWT, iliyosanifishwa mwezi Mei 2015 katika RFC 7519. Tokeni hii hubeba ndani yake jina la mtumiaji, haki zake na muda wake wa mwisho, vyote vikiwa vimetiwa saini na seva. Seva haihitaji kukumbuka chochote, kwani huikagua saini na kuamini kilichoandikwa. Kwa mifumo ya seva nyingi zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe, na kwa programu za simu, huu ni ubunifu wenye manufaa.

Kwa kivinjari cha pamoja, hata hivyo, faida yake ndiyo kasoro yake. Seva isiyokumbuka haiwezi kusahau. Mwombaji anapobofya kitufe cha kutoka, kinachotokea ni kivinjari kuifuta nakala yake ya tokeni, lakini nakala nyingine yoyote iliyochukuliwa kabla ya hapo itakubaliwa hadi muda wake uishe. Wasanidi wanaoligundua hili huongeza orodha ya tokeni zilizobatilishwa, ambayo seva huiangalia katika kila ombi, na kwa kufanya hivyo huwa wamerudi kwenye kumbukumbu ya seva kwa njia ndefu. Kasoro hiyohiyo huwapata wanaotumia Flask kwa mipangilio yake ya awali, ambapo maudhui yote ya kipindi hukaa ndani ya kidakuzi kilichotiwa saini: kidakuzi kilichonakiliwa huweza kukubalika hadi siku 31, hata kama mwenyewe ametoka. Hapa ndipo panapodhihirika kwamba kugawa dunia baina ya vidakuzi na tokeni ni kugawa vibaya. Mgawanyo wenye maana ni baina ya kipindi kinachoishi katika seva na kipindi kinachoishi kwa mtumiaji.

Ukweli kuhusu umuhimu wa uwezo wa kubatilisha ulionekana tarehe 28 Septemba 2018, Facebook ilipotangaza kwamba tokeni za kuingilia za akaunti zinazokadiriwa kuwa milioni 50 zilikuwa hatarini. Baadaye idadi ya zilizoibwa ilirekebishwa kuwa takriban milioni 30. Kampuni ilizibatilisha zote kutoka upande wake, pamoja na za akaunti nyingine milioni 40 kwa tahadhari, na watu takriban milioni 90 wakalazimika kuingia upya. Mfumo usiokuwa na kumbukumbu hiyo ungebaki na njia mbili tu, ama kuzisubiri tokeni zife zenyewe, ama kubadili ufunguo wa saini na kuwatoa watumiaji wote duniani kwa pamoja.

Tena kuna suala la mahali pa kuiweka tokeni. Wengi huiweka katika hifadhi ya kivinjari iitwayo localStorage. Hifadhi hiyo haina tarehe ya mwisho. Hubaki baada ya kivinjari kufungwa na baada ya kompyuta kuzimwa, na husomwa na skripti yoyote ya ukurasa. Kwa meza ya pamoja ni chaguo baya kuliko kidakuzi kibaya. Hoja yenye nguvu zaidi ya upande wa pili ni ile ya sessionStorage, ambayo hufungamana na kichupo kimoja na kutoweka kinapofungwa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa tabia ya kufunga kichupo ni ya kawaida kuliko ya kubofya kitufe cha kutoka. Lakini hifadhi hii nayo husomwa na skripti, na urejeshaji wa madirisha tulioutaja huweza kuirejesha. Isitoshe, Opera Mini, kivinjari kinachopendwa na wenye simu za bei nafuu kwa kuwa hupunguza matumizi ya bando kwa kuzipitisha kurasa katika seva za Opera, hakizitambui hifadhi hizi. Mfumo unaotegemea skripti na hifadhi za namna hii huwafungia mlango wale ambao huduma ilikusudiwa kuwafikia. Kidakuzi huwafikia.

Muda wa kikao na muda wa kazi

Tukubali basi kwamba kipindi kikae katika seva na namba yake ibebwe na kidakuzi. Linabaki swali lililo gumu kuliko yote, nalo ni la muda. Mwongozo wa OWASP hupendekeza kipindi kikatwe baada ya dakika 2 hadi 5 za ukimya kwa mifumo nyeti sana, na dakika 15 hadi 30 kwa ile yenye hatari ndogo. Mipangilio ya awali ya programu zinazotumika kwa wingi haifanani na mwongozo huo wala yenyewe kwa yenyewe. Laravel huweka dakika 120. Django huweka wiki mbili. PHP huweka sekunde 1440, yaani dakika 24, lakini dakika hizo si ukomo wa hakika: ni umri ambao baada yake data ya kipindi huhesabiwa kuwa taka inayoweza kufagiliwa, na kwa mpangilio wa asili ufagiaji hutokea kwa bahati nasibu, kwa uwezekano wa ombi 1 kati ya 100. Katika tovuti yenye wageni wachache, taka huweza kukaa muda mrefu ikiwa bado inafanya kazi. Msanidi anayetaka ukomo wa kweli yampasa auandike mwenyewe, kwa kuhifadhi saa ya ombi la mwisho na kuilinganisha.

Wiki mbili zina maana kwa mtu mwenye kompyuta yake sebuleni. Katika steshenari ya Gongoni zina maana kwamba mwombaji aliyesahau kutoka siku ya Jumatatu ameacha akaunti yake wazi kwa wateja wote wa nusu mwezi.

Kwa upande mwingine, kufupisha muda bila kufikiri huumiza watu walewale. Tuchukue mfano wa maombi ya mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Makala haya hayazungumzii namna mfumo wa Bodi ulivyojengwa kwa ndani. Yanautazama mwenendo wa maombi unaoonekana kwa kila mwombaji. Cheti cha kuzaliwa hutakiwa kihakikiwe na RITA, katika mfumo mwingine wenye akaunti nyingine. Ada hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo watu huiita kontroo namba. Fomu huchapwa, hupelekwa kwa mdhamini na kwa serikali ya mtaa au kijiji kutiwa saini na muhuri, hupelekwa kwa wakili au hakimu kuthibitishwa, kisha kurasa zilizosainiwa huskaniwa na kupakiwa. Kazi hii haimaliziki katika kikao kimoja. Kwa mwombaji anayetoka kijijini na kuja mjini Tabora, huweza kuchukua siku nyingi na nauli zaidi ya moja. Akikatwa katikati ya ukurasa wa nne na kuyapoteza aliyoyajaza, hulipia tena muda wa kompyuta na labda nauli.

Wasanidi wengi hujibu tatizo hili kwa kurefusha kipindi. Kwa maoni yetu hilo ni jibu la swali lisiloulizwa. Mwombaji hahitaji kipindi kirefu, bali anahitaji kazi yake isipotee, na hivyo ni vitu viwili. Misafara iliyofika Unyanyembe ilikuwa na desturi ya kuwaachia wapagazi waliotoka pwani na kuajiri wengine kwa safari ya Ujiji. Shehena iliendelea ingawa mikataba ilikatika. Kadhalika fomu iliyojazwa nusu yapasa iwe mali ya akaunti ndani ya hifadhidata, ihifadhiwe kila sehemu inapokamilika, na isijue lolote kuhusu kidakuzi. Hapo kipindi huweza kuwa cha dakika 10 na kukatika mara 20 bila mtu kupoteza neno.

Mfano bora wa utenganisho huu umo tayari mikononi mwa Watanzania, nao ni kumbukumbu namba ya malipo yenyewe. Namba hiyo ya tarakimu 12 hutolewa kupitia mfumo wa malipo wa serikali, GePG. Ikishatolewa, haina uhusiano na kivinjari kilichoiomba. Mwombaji huiandika kwenye karatasi, huondoka steshenari, hulipa kwa simu yake ya kitochi akiwa nyumbani au kwa wakala wa benki kesho yake, na taarifa ya malipo husafiri kutoka seva hadi seva. Kivinjari kingeweza kuwa kimekufa. Linganisha na malipo ya kadi yanayompeleka mnunuzi katika tovuti ya benki na kumrudisha: yakirudi kwa njia ya POST, kidakuzi chenye SameSite=Lax hakiambatishwi, na mnunuzi aliyekwisha kulipa hujikuta akiombwa nywila kana kwamba ni mgeni. Tatizo hilo limewasumbua wasanidi wengi wa nchi nyingine tangu 2020. Waliobuni malipo kwa namba hawakulikuta, kwa kuwa kazi ya kulipa haikuwahi kuwekwa ndani ya kipindi.

Mahali pa kukazia

Baadhi ya wasanidi hukifunga kipindi kwenye anwani ya IP, ili namba iliyoibwa isitumike kwingine. Katika mazingira tunayoyajadili hatua hii hukosa shabaha pande zote mbili. Wateja wote wa steshenari hutoka kwa anwani moja, kwa hiyo mwizi aliyemo ndani hazuiliwi, ilhali mwenye simu hubadilishiwa anwani na mtandao wake njiani na kukatwa bila kosa. Hata ubunifu mpya zaidi una upofu kama huu. Mwaka 2024 Google ilitangaza pendekezo la kukifunga kipindi kwenye kifaa kwa ufunguo uliohifadhiwa katika kiungo cha usalama cha kompyuta, ili kidakuzi kilichonakiliwa kisifae mahali pengine. Pendekezo hilo lingemzuia mtu wetu aliyesimama nje ya duka na simu yake. Kwa aliyeketi kwenye kiti kilekile, kifaa ni kilekile, na ufunguo ni uleule.

Kinachobaki ni kumtambua mtu katika vitendo vyenye uzito. Kubadili nywila, namba ya simu au akaunti ya benki, na kuwasilisha maombi kwa mara ya mwisho, ni vitendo ambavyo kipindi kilicho hai hakipaswi kutosha kuviruhusu. Namba ya siri ya mara moja inayotumwa kwa ujumbe mfupi si kinga kamili, kwani laini huweza kuhamishwa kwa udanganyifu. Walakini ina sifa moja ambayo kivinjari hakina: simu huondoka na mwenyewe. Pia humwezesha mhudumu aendelee kuchapa bila kuhitaji kuijua nywila ya mteja, na hivyo kuondoa lile daftari la nywila.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humtaka mkusanyaji na mchakataji wa taarifa aweke hatua za usalama zinazofaa. Neno linalofaa ndilo lenye kazi hapa. Mfumo uliopimwa kwa dhana ya mtu mmoja kwa kivinjari kimoja huweza kuwa salama kwenye karatasi na usiwe salama mahali unapotumika, na mkaguzi mwenye orodha ya sifa za vidakuzi angeupitisha. Swali ambalo orodha hiyo haina, nalo ni rahisi kulijaribu kwa dakika 10, ni hili: ingia kama mtu wa kwanza, inuka bila kutoka, mkalishe mtu wa pili kwenye kiti hicho, kisha uandike kila anachoweza kukiona na kukifanya. Ukurasa wa kuingilia nao huweza kuuliza iwapo kompyuta ni ya mtumiaji mwenyewe au ya pamoja, na jibu la asiyechagua lichukuliwe kuwa ni la pili.